Uzi maalumu wa detekta ufukweni: chumvi kwanza, dhahabu baadaye

#1 MtuWaPwani

Wakuu, amani iwe kwenu. Meseji zimejaa za watu wanaouliza swali moja: "Nataka mashine ya kutafutia vitu ufukweni, ninunue ipi?" Kujibu mmoja mmoja nimeshindwa, kwa hiyo naweka hapa yote niliyonayo. Nipo Kigamboni, huu ni mwaka wa saba natembea na detekta, yaani mashine ya kutambua metali, mchangani, na pesa niliyoipoteza mwanzoni sitaki mwingine aipoteze kwa njia ileile.

Mashine yangu ya kwanza niliuziwa mjini. Muuzaji akaniambia, "Chukua hii, ni ya baharini, haiingii maji." Na kweli haikuingia maji. Kwenye mchanga mkavu ilitulia kama mtoto aliyelala. Nilipoteremka tu kwenye mchanga uliolowa ikaanza kulia, kila nikiipeleka kulia inalia, kushoto inalia, nikiinyanyua inalia. Nilichimba asubuhi nzima, mashimo hayapungui thelathini, nikaondoka na vizibo viwili vya soda. Nikairudisha dukani, wakaipima, wakaniambia ni nzima. Ilikuwa nzima. Kutoingia maji ni jambo moja, kuvumilia chumvi ni jambo jingine kabisa, na hakuna aliyekuwa amenieleza.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na chumvi hiyo ndiyo inayoyafanya yapitishe umeme. Sasa detekta kazi yake ni nini? Koili, ile sahani ya chini, inatuma nguvu ya sumaku ardhini, kitu chochote kinachopitisha umeme kinajibu, mashine inasikiliza jibu. Ukisimama kwenye mchanga ambao kila tone katikati ya punje linapitisha umeme, mashine inauona ufukwe mzima kama metali moja dhaifu isiyo na mwanzo wala mwisho. Ubaya zaidi, jibu la maji chumvi linafanana mno na jibu la vitu vyembamba: ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, na pete nyembamba ya kike. Ndiyo maana mashine ya masafa mamoja (inayotuma mawimbi ya aina moja tu) ukiilazimisha iinyamazie chumvi, inaweza kuinyamazia na pete. Unaondoka umefurahi kwamba mashine imetulia, kumbe umeiziba masikio.

Kwa hiyo kama mfuko wako unaruhusu mashine ya masafa mamoja tu, nunua, lakini baki nayo juu, kwenye mchanga mkavu, wanapokaa watu na mikeka na vyakula vyao. Huko itakufanyia kazi nzuri. Usiipeleke kwenye maji ukaja kulalamika.

Ukitaka kushuka majini kuna njia mbili. Ya kwanza ni mashine za masafa mengi kwa pamoja. Chumvi inajibu kwa namna moja kwenye masafa ya chini na kwa namna nyingine kwenye masafa ya juu. Mashine inalinganisha majibu hayo, inalitoa la chumvi, inakuachia la metali. Watu wa baharini duniani walitembea miaka mingi na Minelab Excalibur, yenye masafa 17 kuanzia kilohezi 1.5 hadi 25.5. Mwaka 2018 ikaja Equinox, na baada yake XP Deus II na Nokta Legend. Hizo zote unaweza kuzama nazo. Vanquish ni ya bei ya chini na inatumia masafa mengi vilevile, koili yake inaingia majini, ila boksi la juu lisizame. Kwa mtu anayeishia kwenye mchanga uliolowa inamtosha kabisa.

Ya pili ni mashine za mapigo, mfano Garrett Sea Hunter Mark II ambayo wazamiaji hushuka nayo hadi mita 60. Hii inatupa pigo moja la sumaku, inakata, inasubiri kitambo kidogo mno, maikrosekunde chache tu, ndipo inasikiliza. Jibu la chumvi hufa haraka, la metali linachelewa kufa. Ikianza kusikiliza, chumvi imeshanyamaza. Inaona chini sana, na mchanga mweusi hauisumbui. Tabu yake ni kwamba haijui vizuri kutofautisha: msumari, kibanio cha nywele na pete ya dhahabu vyote vinalia. Jiandae kuchimba kila kitu. Kwa anayeanza kwenye fukwe zetu, ushauri wangu ni masafa mengi.

Jambo ambalo linawaponza wengi baada ya kununua: kuchuja. Kila metali mashine inaionyesha kwa namba kwenye kioo, na inakuruhusu kuzima namba za takataka. Mtu anachoka na vipete vya makopo na zile karatasi za sigara, anazizima. Alumini na dhahabu zinakaa namba zilezile, wakuu! Ukikichuja kipete cha kopo umeichuja na pete ya ndoa. Zima chuma peke yake, vingine vyote chimba. Na mkufu mwembamba usiutegemee sana kwa mashine yoyote, maana kila pingili inajibu peke yake, na pingili moja ni ndogo kuliko punje ya mchele. Mara nyingi kinacholia ni kidani au ile kulabu ya kufungia.

Sasa ufukwe wenyewe. Hapa sisi tunaozaliwa pwani tuna urithi ambao hauuzwi na duka lolote, nao ni kuijua bahari. Bamvua na maji mafu mnavijua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye maji yanajaa sana na kupwa sana, hiyo ndiyo bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Kwa Dar, Unguja na Mombasa, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne na saa tano asubuhi, yaani mchana kweupe, na pale watu walipoogelea jana jioni maji ya kiuno, leo unatembea kwa miguu mikavu. Nchi nyingi wanakuonea wivu kwa hilo. Mimi nafika saa mbili asubuhi, nayafuata maji yakishuka, narudi nayo yakipanda.

Halafu upepo. Kusi likivuma mchanga unahamia kaskazini, kaskazi ikivuma unarudishwa kusini. Ufukwe uliokuwa mnene mwezi wa pili unaweza kuukuta umeliwa mwezi wa saba. Mchanga mnene ni adui, umefunika vitu. Mchanga ulioliwa ni rafiki. Dhahabu tupu ina uzito karibu mara 19 wa maji, pete ya karati 18 ni kama mara 15, chembe ya mchanga haifiki hata mara 3. Wimbi likitikisa, mchanga unapanda, pete inashuka, mpaka ikutane na kitu kigumu: udongo, kokoto au mwamba wa matumbawe. Inapolala pete ndipo zinapolala chubwi za wavuvi, vile vizito vya nyavu na mishipi, maana madini ya risasi nayo ni mazito. Ukianza kupata chubwi, usihame.

Nieleze moja. Juni mwaka jana kusi lilivuma siku mbili usiku na mchana. Siku ya tatu nikakuta bahari imeukata mchanga, kuna ukuta wa kufika goti, na chini yake sakafu ngumu ya kijivu yenye vipande vya makombe. Nikapitisha koili: chubwi. Hatua mbili mbele, chubwi. Ya tatu, sarafu mbili zimegandana, kijani tupu. Nikaacha kutembea kwa hatua nzima, nikaanza nusu hatua. Mlio wa nne ulikuja laini, mfupi, nikazunguka upande wa pili ukawa uleule, namba inasema 11, inapanda 12, inarudi 11. Koleo la kwanza nikachota, mlio bado uko shimoni. La pili, shimo limeanza kujaa maji na kingo zinaporomoka. La tatu, shimo likanyamaza. Nikalitikisa koleo kwenye wimbi, mchanga ukatoka matunduni, likabaki kombe moja, kipande cha tumbawe, na duara la njano. Fedha ikikaa baharini inakuwa nyeusi kama mkaa, shaba inakuwa kijani, chuma kinavimba kutu. Dhahabu inatoka ilivyoingia. Ndani ilikuwa na 750, ile alama ya karati 18, herufi mbili na tarehe. Nikawauliza kina mama wa mihogo, vijana wanaokodisha maboya, na hoteli mbili za jirani. Siku ya tisa mwenyewe akapatikana. Alikuwa ameipoteza Pasaka, na mumewe alishamwambia basi, bahari imekula.

Ulizeni, nitajibu.

#2 CocoJioni

Mkuu hii ni nondo, nimeweka kambi. Mimi nina Equinox niliyoletewa na kaka yangu kutoka Marekani, lakini bado inanipigia kelele pale maji yanapogonga. Naona namba ndogondogo zinaruka tu. Nakosea wapi?

#3 MtuWaPwani

Kaka, mambo matatu. Kwanza weka kwenye mpangilio wa Beach 1 ukiwa mchangani, mkavu au uliolowa. Ukiingia majini au kwenye povu la wimbi, hamia Beach 2, hiyo imepunguziwa nguvu makusudi kwa ajili ya chumvi nyingi.

Pili, usikivu. Watu wanapandisha mpaka juu wakidhani ndiyo kina. Shusha namba moja moja mpaka kelele ife, simama hapo. Mashine iliyotulia kwenye 17 inaona chini zaidi kuliko inayopayuka kwenye 24, kwa sababu ile ya 24 hutausikia mlio wa kweli katikati ya makelele. Na kabla ya kuanza, isawazishe na ardhi: iinue na kuishusha koili juu ya mchanga uleule utakaoutafuta, mpaka itulie. Ukihama kutoka mkavu kwenda uliolowa, isawazishe upya.

Tatu, na nadhani hili ndilo lako: unatembea kutoka juu kwenda majini na kurudi? Usifanye hivyo. Kila hatua chumvi inabadilika na mashine inalazimika kujipanga upya. Tembea sambamba na maji, kama unayefuata mstari wa povu. Koili iwe bapa, umbali uleule kutoka ardhini mwanzo mpaka mwisho. Wengi mwishoni mwa mzungusho wanaiinua kama wanafyeka majani, na hapo ndipo inapolia.

#4 CocoJioni

Kweli kabisa, nilikuwa nakwenda juu chini juu chini. Kesho najaribu.

#5 MchimbajiChunya

Wakuu wa pwani, mimi niko Chunya, kazi yetu dhahabu ya porini. Nina GPX 5000. Nikija Dar kumtembelea shangazi naweza kuileta ikafanya kazi baharini, au ni kuiua?

#6 MtuWaPwani

Karibu sana pwani mkuu. Mashine yako ni ya mapigo, na ina mpangilio wake wa chumvi kabisa, kwa hiyo kwenye mchanga uliolowa itasikiliza vizuri ukichagua huo. Ile mipangilio yenu ya kutafutia dhahabu ya unga usiiguse, huku itakuchanganya na chumvi. Lakini boksi lake si la kuloa. Wimbi moja la pembeni, au umeteleza kwenye mwani, umepoteza mtaji wa kazi. Na utachimba kila kizibo. Mimi ningeiacha Chunya. Ukija, nitafute, utatumia yangu ya akiba na shangazi atakutengea pweza ukirudi.

#7 BintiBamburi

Assalaam aleikum. Mimi si mtafutaji, nimeletwa na uzi huu na shida yangu. Juzi tulikwenda Bamburi na watoto, nikatoka majini pete ya ndoa haipo. Ni ya mamangu, alinipa yeye. Nimelia mpaka nimechoka. Je, ipo tamaa, au niache?

#8 MtuWaPwani

Wa aleikum salaam dada yangu. Pole sana. Tamaa ipo, tena kubwa, siku mbili si kitu. Nijibu haya kabla hujasahau: ilikuwa saa ngapi, maji yalikufika wapi, na ulikuwa unafanya nini mara ya mwisho unaikumbuka kidoleni? Mlikuwa mmekaa karibu na nini, mti, banda, nguzo? Usikisie. Usichokikumbuka, kiache.

#9 BintiBamburi

Ilikuwa baada ya adhuhuri, inakaribia saa tisa. Maji kiunoni. Nilikuwa namrusha mwanangu mdogo juu na kumdaka. Kabla ya kuingia nilipaka watoto mafuta ya nazi, na mimi mikono yangu. Tulikaa chini ya mvinje wenye kamba nyeupe, na tulipoingia majini tulikuwa tumeuelekea ule mnara wa simu ulio nyuma yake.

#10 MtuWaPwani

Umeeleza vizuri kuliko watu wengi, dada. Mafuta ya nazi, maji yanapoza kidole kinasinyaa, na mtoto unamdaka mikono imenyooka: hapo ndipo ilipotoka.

Juzi ilikuwa siku ya mwezi mpevu. Saa tisa maji yalikuwa yanapanda kuelekea kujaa, kwa hiyo kiuno chako cha saa tisa, kesho kwenye saa tano asubuhi kitakuwa mchanga mtupu au maji ya kifundo. Mti na mnara vikipangana mstari mmoja, unao mstari wa kutembelea. Kinachobaki ni umbali tu, na huo tutaupata kwa kupima kina. Pete haijaenda mbali. Kinachosukumwa na mkondo ni chepesi. Pete inazama palepale ilipoanguka, ni kwenda chini tu, ndiyo maana siku zinahesabika.

Kuna mtu wa Mombasa humu mwenye mashine ya masafa mengi?

#11 KijanaWaKisauni

Nipo. Legend, koili ya inchi 11. Dada usiwe na wasiwasi, kesho saa nne niko hapo inshallah, na sitaki shilingi. Ila bahari ile ni hifadhi, kwa hiyo nitapita kwanza kwa askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na kwa wazee wa BMU (kamati ya wavuvi ya ufukwe) niwaeleze natafuta kitu gani na cha nani. Nimeshafanya nao hivyo, ukiwaeleza mapema wanakusaidia hata kuwasogeza watu. Ukiingia kimyakimya na koleo wana haki ya kukufukuza.

#12 MzeeMagofu

Wanangu, nimesoma uzi wote na nimefurahi, na kwa kuwa nilifanya kazi kwenye mambo ya kale miaka mingi naomba mnisikilize kidogo.

Pwani hii si mchanga tu. Mtambwe Mkuu kule Pemba, mwaka 1984, zilitoka sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Mambrui, mwaka 2010, watafiti wa Kenya na China walipata sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle, mfalme wa China aliyetawala 1402 hadi 1424, na mwaka 2013 ikapatikana nyingine kama hiyo kisiwani Manda. Sarafu ile ukiiuza ni kipande cha shaba chenye tundu la mraba. Ilipolala, katika tabaka lake la udongo, ni ushahidi wa safari za merikebu.

Nitawapa mfano wa mtu aliyefanya jambo jema bila kusomea. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, akiwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yao, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Waholanzi, tano ni za Kilwa yetu. Kilwa, wanangu, ng'ambo ya bahari yote ile! Aliziweka miaka mingi bila kujua ni nini, lakini aliweka alama ya X kwenye ramani pale alipoziokota. Kwa sababu ya X ile, watafiti waliweza kurudi mwaka 2013 kutafuta zaidi. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje, na wanaweza kubishana kwa sababu mahali panajulikana.

Sheria nazo mzijue. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa mali ya kulindwa, na kuchimba kutafuta vitu hivyo bila leseni ni kosa. Kenya, sheria ya 2006 ya makumbusho na urithi inaweka mstari kwenye 1895, na aliyeona kitu cha kale ana siku saba za kutoa taarifa. Kwa hiyo ile paisa ya Mombasa ya 1888, ambayo vijana wanaiona ya juzijuzi, Kenya tayari ni ya kale. Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Gede, Jumba la Mtwana, Kaole na mahali pengine pa magofu, mashine isishuke kabisa kwenye gari.

#13 MtuWaPwani

Shikamoo mzee. Hili nilipaswa kuliweka kwenye posti ya kwanza, na wewe umelieleza kuliko ambavyo ningeweza. Mimi kanuni yangu ni fukwe za kuogelea tu, vitu vya watu walio hai. Mara mbili nimetoa kitu kilichoonekana cha zamani: nilikipiga picha kikiwa shimoni, nikaandika mahali, nikafukia, nikapeleka taarifa.

Na niongeze la usalama. Pwani hii imepigwa vita, Tanga 1914 mnaijua. Ukitoa chuma kizito chenye umbo la chupa au koni, kimeganda kutu, usikigonge, usikitikise kwenye koleo, usikipige picha ukiwa umekishika. Kiache, weka alama kwa mbali, ita polisi. Na juu ya mstari wa maji kujaa msichimbe ovyo msimu wa kasa. Mayai yako chini ya mchanga na hayalii.

#14 FundiWaGerezani

Wakuu mnaongelea koleo lakini hamsemi la aina gani. Nimewatengenezea watu wanne sasa. Chukueni bomba la stenlesi, si bati la mabati, maana chumvi inalimaliza miezi mitatu. Matundu yawe milimita 10 mpaka 12. Makubwa zaidi pete ya mtoto inapita, madogo zaidi mchanga hautoki. Mpini mrefu wa kufika kifuani, wa stenlesi au mbao ngumu, na kisigino cha kukanyagia kwa mguu kwa nyuma. Ukingo wa mbele unolewe kidogo usukumwe kwenye kokoto. Kabla hujalipa, njoo na sumaku: ikishika kwa nguvu, umeuziwa chuma cha kawaida.

#15 CocoJioni

Mrejesho. Leo nimetembea sambamba na maji, usikivu 18. Mashine imetulia, siamini. Chubwi sita, shilingi 200 nne, bangili ya shaba, na shilingi 500 mbili ambazo zilinisumbua: mlio unakatikakatika kama chuma.

#16 MtuWaPwani

Hongera kaka. Ile 500 iliyotoka 2014 ndani yake ni chuma kilichopakwa nikeli, ndiyo maana. Ikikaa baharini inavimba kutu. Usijilaumu. Chubwi sita mahali pamoja? Rudi hapohapo bamvua ijayo. Na usizirudishe chubwi baharini, risasi ni sumu, wape wavuvi wazitumie tena.

Umeisuuza mashine? Maji baridi ya bomba, koili, fimbo na viungio vyote, hasa pale unapochomeka chaji. Fungua fimbo utoe mchanga wa ndani, la sivyo wiki mbili tu haitafunguka tena. Sehemu ya kuchajia ifute ikauke kabisa kabla ya kuchomeka waya. Mashine nyingi za baharini zinakufa jikoni kwa mtu, kwenye chaji.

#17 KijanaWaKisauni

Alhamdulillahi. Wakuu, ipo.

Tulifika saa nne na nusu, askari mmoja wa KWS alikuja nasi. Mvinje na mnara tukavipanga, nikachora mstari kwa kisigino mpaka majini. Dada akasimama pale anapokumbuka, nami nikaanza mita tano kabla yake, njia nyembamba nyembamba, kila mzungusho unakanyaga nusu ya ule uliopita. Dakika arobaini za kwanza ni vibanio vya nywele na kizibo kimoja. Watoto wake wananifuata, kila mlio wanachutama. Tulikuwa tumeshampita yeye kama hatua nane kuelekea baharini, maji yameanza kurudi na yananifika kifundo, nikasikia mlio wa chini chini. Namba 19. Koleo la kwanza halina kitu. La pili nikalitikisa, mtoto wa kike akapiga kelele kabla yangu: "Ya mama!" Ilikuwa kina cha kiganja kimoja, siku tatu tu.

Nane kutoka pale alipokumbuka. Kila mara ni hivyo, watu wanajiona walikuwa karibu na nchi kavu kuliko walivyokuwa.

#18 BintiBamburi

Sina la kusema. Allah awalipe nyote, na wewe kijana mamangu anakuombea dua tangu adhuhuri. Anasema uje Ijumaa, biriani. Ina weusi kidogo pale kwenye kijiwe, nimeambiwa niisugue kwa dawa ya meno. Nifanye?

#19 MtuWaPwani

Usiisugue dada, dawa ya meno inakwaruza dhahabu. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, nusu saa, kisha mswaki laini wa mtoto kuzunguka kijiwe, polepole, huku umeweka bakuli chini yake. Weusi ukibaki, mpelekee sonara aangalie zile kucha zinazoshika jiwe kama zimelegea. Na kabla ya kuivaa, mwambie akupunguzie saizi.